Gumba la Marehemu

Mama Gumba alikuwa amekwisha kufa kabla hajaukanyaga mji ule, na aliyemuua ni mwanawe wa kwanza, tena kwa mdomo tu. Alimuua mbele ya afisa wa wahamiaji. Akamuua na mdogo wake, na mke wa mdogo wake, na mtoto wao mchanga, kwa sababu watu wa foleni walimnong'oneza kwamba anayesema ana jamaa walio hai huambiwa arudi akaishi nao. Afisa alimpa pole, akampa na hifadhi. Wakati huo wote aliowaua walikuwa nyumbani, wazima wa afya, wakingoja awaite kama alivyoahidi.

Sasa marehemu alikuwa ameketi kwenye kitanda cha chuma, katika chumba cha mwisho cha jengo la waomba hifadhi, akimlalamikia mkwewe kwamba chai haina sukari.

"Sukari imekwisha, mama," alisema mkwewe.

"Imekwisha au imefichwa?"

"Imekwisha. Kasuku aliimalizia kwenye uji."

Kasuku alikuwa mjukuu wake, mtoto wa kike wa darasa la tatu, na majirani walimpa jina hilo kwa sababu hakujua kunyamaza. Mama yake walimwita Sindano. Alishona na kubana nguo za jengo zima, lakini kwa kificho, maana mwomba hifadhi hakuruhusiwa kufanya kazi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mji ule ulimpa mgeni miezi na miezi, ukalifungia jembe stoo, kisha ukamsema kwamba ni mvivu.

Kesi yao ilikuwa rahisi kueleza. Mtaa wao, mtaa wa wafinyanzi, ulichomwa moto wote na watu wenye silaha. Mume wa Sindano aliuawa mlangoni pake. Sindano alimbeba mama mkwe mgongoni, kwa kuwa bibi alikuwa na mguu uliovimba, na Kasuku akatembea kwa miguu yake ameshika pindo la nguo ya mama. Walipofika wakaulizwa wana ushahidi gani kwamba wametoka mtaa ule. Huenda wametoka ng'ambo ya mto, wakaambiwa, ambako hali ni shwari. Vitambulisho viliungua pamoja na nyumba, lakini moto nao hautoi risiti, basi wakakataliwa.

Ilibaki rufaa. Wakili wao, mwanamke mnene mwenye kikohozi kisichomwisha, aliwaambia hivi: "Nileteeni mtu mmoja ambaye serikali imekwisha kukubali kwamba alitoka mtaa ule. Aseme anawajua. Mmoja tu."

Na mjini pale alikuwepo mmoja tu: shemeji yake Sindano, yule mwana wa kwanza.

Karakana yake ilikuwa nyuma ya soko la mboga, na siku waliyokwenda ilijaa wanafunzi wa shule waliovaa aproni, matope hadi kwenye nywele. Haki ya mtu apewe: kabla hajaja yeye, mji ule ulikunywa maji ya plastiki yenye joto na harufu. Yeye ndiye aliyeuletea mtungi. Alifinyanga mtungi mwembamba wa shingo, wa watu wote kunywea, akauweka bure kwenye zahanati, kisha kwenye kituo cha basi, na watu wakagundua kwamba maji yanaweza kuwa baridi bila umeme. Sasa kila ofisi ilikuwa na mtungi wake kwenye kigoda. Wajukuu wa watu waliompigia kelele arudi kwao ndio hao waliokuwa wakimwita mwalimu.

Sindano alisimama mlangoni akimtazama akipachika kishikio. Chini ya kila kishikio alibonyeza kijishimo, ili gumba la mwenye kuinua mtungi lipate pa kukaa. Alibonyeza kwa gumba la kushoto. Alikuwa mtu wa mkono wa kulia, ikambidi aukunje mwili na kuinua kiwiko, kazi ya sekunde moja akaifanya kwa taabu. Ni kwa sababu aliyemfundisha, gumba lake la kulia lilivunjwa na kifuniko cha tanuri akiwa msichana, likapinda, naye mwana alijifunza kwa kuiga bila kuuliza. Kumwona akijipinda vile kulimtia Sindano faraja. Alijisemea kwamba mtu anaweza kumkana mama yake, lakini mkono wake bado unamkubali.

Shemeji aliinua macho, akawaona. Akafuta mikono, akawaambia wanafunzi waendelee, akawapitisha wageni wake hadi uani, kwenye rundo la vigae.

"Shikamoo, mama," alisema, kwa sauti ya mtu anayeulizia choo.

"Marahaba. Umenenepa. Nani anakupikia?"

"Mama, nilisema msije mchana."

"Usiku tunafungiwa geti," alisema Mama Gumba. "Sisi ni wafungwa waungwana."

Sindano hakuwa na nafasi ya mzaha. Alimweleza habari za rufaa na maneno ya wakili. Shemeji alisikiliza akiokota kigae, akikivunja, akiokota kingine.

"Shemeji, wewe unajua nilichosema nilipokuja. Nikisimama pale niseme huyu ni mama yangu, watasema nilidanganya. Wakisema nilidanganya, hifadhi yangu imekwenda. Nitarudishwa mimi, na nyinyi pia."

"Hatukuambii useme ni mama yako. Sema ni jirani. Ulikua ukimwona. Nyumba yake ilikuwa wapi, ilikuwa na mlango wa rangi gani. Hilo tu."

"Jirani," alirudia.

"Jirani wa zamani."

Alimtazama mama yake. Mama Gumba alikuwa ameokota kigae na yeye, anakigonga kwa ukucha akisikiliza mlio.

"Moto wako wa mwisho unauzima mapema," alimwambia. "Hiki hakikuiva katikati."

"Mama, umesikia tunachosema?"

"Nimesikia. Nitakuwa jirani. Niliwahi kuwa mama yako, ujirani utanishinda?"

Akacheka mwana, akacheka na mama, na kwa kitambo kidogo walifanana hadi Sindano akaogopa wanafunzi wasije wakachungulia. Shemeji aliapa atakuja. Aliapa kwa kaburi la baba yake, na lile kaburi lilikuwa la kweli. Kisha akawatoa kwa mlango wa nyuma, ule wa kupitishia udongo, na kwa vile ulikuwa mfupi ikabidi wainame. Mtaka cha mvunguni, alijiliwaza Sindano, na akatoka na matumaini.

Wiki zile mbili kabla ya rufaa waligeuza chumba kuwa shule. Sindano alikuwa mwenyekiti wa baraza, ameketi juu ya ndoo.

"Shahidi huyu unamfahamu?"

"Namfahamu. Ni mtoto wa..."

"Mama."

"Ni jirani. Bwana jirani."

"Alikuwa anaishi wapi?"

"Nyumba ya pili kutoka kisimani. Alikuwa mlafi wa karanga."

"Hilo usiseme."

"Jirani hajui kwamba mtoto wa watu ni mlafi wa karanga? Basi ni jirani gani huyo?"

Kasuku alicheka mpaka akajikunja. Naye alifundishwa: huyo si baba mkubwa, huyo ni mwalimu wa mitungi. Mtoto akauliza kama akisha kupata hifadhi ataruhusiwa kumwita baba mkubwa tena. Sindano akasema ndiyo, ingawa hakuwa na hakika.

Wakili alipopita kuwaona alimkuta Sindano akimsugua mama mkwe mikono kwa mafuta, kidole baada ya kidole, maana viungo vilikuwa vikimkaza asubuhi. Alikaa akakohoa, akawatazama.

"Nataka mjue jambo moja," alisema. "Kule ndani watawauliza mnajua kufanya nini, mtauletea mji faida gani. Jibuni kwa adabu. Lakini msije mkadhani hifadhi ni zawadi ya mwenye kipaji. Hata asiyejua kushika ufagio ana haki ya kutouawa. Sheria imeandikwa hivyo, na mimi nitawasomea hivyo, wapende wasipende."

"Na asiye na kipaji wala sukari?" aliuliza Mama Gumba.

"Huyo hasa," alisema wakili.

Siku chache kabla ya rufaa, msimamizi wa jengo aligonga kila mlango akiwataka watu wavae vizuri. Shemeji alikuwa ameshinda tuzo ya Mgeni wa Fahari wa Mwaka, na manispaa ilitaka ukumbi ujae. Waomba hifadhi walipakiwa kwenye basi, wakagawiwa skafu za rangi kali ambazo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuvaa kwao, wakaketishwa safu za nyuma chini ya bango lililosema Jamii ya Wageni Wetu. Waliambiwa pia kwamba shughuli ikiisha watasaidia kukunja viti.

Jukwaani ilipangwa mitungi kwenye vitambaa vyeupe. Meya alizungumza kwa kirefu juu ya utajiri wa tamaduni. Alisema mji umejifunza kunywa maji upya. Watu wakapiga makofi, na Sindano naye akapiga, kwa dhati kabisa, kwani alijua udongo ule ulianzia mikono ya nani. Alimtazama mama mkwe. Bibi alikuwa ameinyoosha shingo kama mtoto kwenye dirisha la basi.

Kisha Shemeji akapanda jukwaani. Alivaa koti. Aliinua mtungi mmoja, akaugeuza, akaonyesha kijishimo chini ya kishikio.

"Mnaniuliza siri ya mitungi hii," alisema. "Siri ni hapa. Hili ni gumba la kushoto la marehemu mama yangu."

Akatia gumba lake mle ndani.

"Gumba lake la kulia lilivunjika akiwa msichana. Akatumia la kushoto, na akanifundisha mimi peke yangu. Mtaani kwetu walikuwepo wafinyanzi wengi, lakini alama hii ilikuwa ya mama, haikuwa ya mwingine. Kila mkiweka kidole hapa, mnamshika mkono mama yangu. Aliungua pamoja na nyumba yetu. Mimi ndiye niliyebaki."

Mwanamke wa safu ya mbele alilia waziwazi. Meya alifuta macho. Waandishi wa habari walikuwa wakipiga picha, na mstari wa mbele, amekunja mikono juu ya tumbo, aliketi mzee mmoja mwembamba mwenye miwani ambaye Sindano alimjua: mwenyekiti wa baraza la rufaa, yule ambaye picha yake ilitundikwa kwenye korido ya mahakama.

 Sindano alielewa palepale. Shemeji alikuwa ameufunga mlango na kuumeza ufunguo, mbele ya watu wote, akipigiwa makofi. Mwanamke yeyote ambaye angetokea sasa na gumba lile angekuwa ama mwongo ama maiti. Hasira ilimpanda, na alishindwa kujua amkasirikie nani kwanza: yule anayedanganya, au wale waliompenda zaidi kwa sababu hana mtu.

Walipokuwa wakikunja viti aliinamia sikio la mama mkwe.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Amenisifu vizuri."

"Amekuzika, mama."

"Ni wangapi wanaobahatika kuhudhuria matanga yao wenyewe?" alisema Mama Gumba, akachukua kiti kingine. "Wengi hufa bila kujua kama walipendwa."

Sindano alidhani ule ni mzaha wake wa kawaida. Alikuja kujilaumu baadaye kwa kutosikiliza vizuri.

Asubuhi ya rufaa Shemeji alipiga simu wakiwa wamekwisha kufika kwenye chumba cha kusubiria.

"Shemeji, nisamehe," alisema. "Jina langu sasa liko kila mahali. Nikisimama pale wataniuliza huyu jirani mfinyanzi alikuwa nani, mbona gumba lake limepinda. Nitajibu nini?"

"Uliapa kwa kaburi la baba yako."

"Najua nilichoapa."

"Nilimbeba mama yako mgongoni. Mgongo huu. Mume wangu... mdogo wako hakuzikwa, nilimwacha mlangoni ili nimbebe mama yako. Unanisikia?"

"Nakusikia, shemeji." Sauti ilikuwa imelowa. "Nitaleta chakula jioni. Chochote mnachohitaji."

Simu ikakatika. Sindano aliketi kwenye benchi. Kwenye kona ya chumba kile, juu ya kigoda, ulikaa mtungi, umefunikwa kwa sahani, na kikombe kimefungwa kwa kamba. Aliutazama mpaka wakili akamgusa bega.

"Shahidi haji," alisema Sindano.

Wakili alikohoa. Hakutukana, ingawa uso wake ulionyesha kwamba alitamani. "Basi tuna nini kingine?"

Sindano hakufikiri sana. Kama angefikiri, labda angemwambia mama mkwe kwanza. "Tuna mtungi ule," alisema. "Mama mkwe ndiye mwenye hilo gumba."

Wakili alimtazama bibi kizee, akautazama mtungi, akamtazama tena Sindano. Ilimchukua muda mdogo kuelewa yote, hata yale ambayo hakuambiwa.

"Unajua nini kitampata yule bwana?"

"Wewe utamtetea?"

"Nitamtetea. Kumwogopesha mtu mpaka aue ndugu zake kwa maneno ni aibu yao kabla haijawa yake. Nitalisema hilo mahali popote. Lakini siwezi kukuahidi."

"Basi ulete mtungi," alisema Sindano.

Mwenyekiti wa baraza hakuwa mtu mbaya. Alimuuliza Mama Gumba kama kiti kinamtosha. Alimwagizia maji. Kisha akafungua faili.

"Bibi, katika maelezo ya kwanza ulisema kazi yako ni ufinyanzi, katika mtaa wa wafinyanzi."

Wakili aliuweka mtungi mezani. "Tunaomba mteja wangu aulizwe juu ya kazi hii."

Mwenyekiti alivua miwani. Uso ulimlainika, ilionekana wazi kwamba anaupenda mtungi ule. "Huu naujua. Nilikuwepo ukumbini. Bibi, unaifahamu kazi hii?"

Mama Gumba aliutazama mtungi kwa muda. Sindano aliona midomo yake ikitikisika, akadhani sasa anasema.

"Nauona hapa kila tukija," alisema bibi. "Mzuri."

"Wewe ulikuwa unafinyanga namna hii?"

"Mimi? Hapana, baba. Mimi nilikuwa nauza. Udongo sijawahi kuushika."

Wakili alifunga macho. Sindano alisimama.

"Mama."

"Keti, mama Kasuku," alisema Mama Gumba bila kumtazama.

"Mama, wewe ndiye uliyemfundisha. Mwenyekiti, huyu ndiye yule mama. Wa gumba. Hakufa."

"Yule mama ni marehemu," alisema mwenyekiti.

"Nani kasema?"

"Mwanawe kasema. Mbele yangu."

"Basi muulize huyu hapa mwenyewe kama ana mtoto. Muulize."

Mwenyekiti alimgeukia bibi. Alionekana kuchoka, na kidogo kuona haya kwa niaba yao. "Bibi, una watoto?"

"Nilikuwa na wawili," alisema Mama Gumba. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. "Mmoja waliniulia mlangoni."

"Na wa pili?"

"Naye amekufa. Alikufa zamani, njiani. Sina mtoto."

Basi na yeye akawa amemuua mwanawe, kwa mdomo tu, mbele ya afisa, kama alivyouawa yeye. Mwana aliua ili aishi, mama akaua ili mwana aishi. Sindano, ambaye hakuua mtu, alisimama katikati yao na mikono mitupu. Alizunguka meza. Aliushika mkono wa kushoto wa mama mkwe, ule mkono aliouosha na kuupaka mafuta kila asubuhi, akauvuta kuelekea kwenye kishikio cha mtungi.

"Weka kidole chako, mama. Kiweke tu. Wataona."

Mama Gumba alikunja ngumi. Alilificha gumba ndani ya ngumi na vidole vingine akavifunga juu yake.

"Fungua mkono, mama."

"Niache, mwanangu."

"Mimi ndiye mwanao. Mimi niliyekubeba. Fungua."

Alianza kuvifungua vidole kimoja kimoja. Vilikuwa vidole vya mzee, na Sindano alikuwa na nguvu za kuvishinda. Bibi aliguna kwa maumivu. Askari wa mlangoni akasogea, na mwenyekiti akagonga meza.

"Mwachie bibi mkono wake," alisema kwa ukali. "Hapa hatumlazimishi mtu mzima. Ameeleza wazi."

Sindano aliona jinsi anavyoonekana: mwanamke anayemtesa mkongwe ili apate kibali. Akamwachia. Alirudi kwenye kiti chake akakaa, na aibu ikamchoma uso mzima.

Wakili alipewa nafasi ya mwisho. Alisema sheria haiulizi kama watu hawa wanafinyanga vizuri, wala kama wanapendana, wala kama wanajua kujieleza. Inauliza kama wakirudishwa watauawa. Alisema woga humfanya mtu aseme uongo hata pale ambapo kweli ingemwokoa, na kwamba hofu hiyo haikuanzia kwenye chumba kile, ilifundishwa kwenye foleni. Mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho. Akajibu kwamba sheria inauliza kwanza kama wanasema kweli, na maelezo ya wanawake hawa wawili hayapatani hata wao kwa wao. Rufaa ikakataliwa. Walipewa muda wa kujitayarisha kuondoka, na akawatakia heri.

Mhudumu aliubeba mtungi kwa uangalifu mkubwa, mikono miwili, akaurudisha kwenye kigoda chake.

Chumba cha kusubiria kilikuwa kitupu isipokuwa Kasuku, aliyekuwa ameachwa kwa dada wa mapokezi. Alikuja mbio.

"Tumeshinda? Sasa naweza kumwita baba mkubwa?"

"Usimwite," alisema Sindano.

"Bado?"

"Usimwite tena."

Wakili alisema kuna mahakama ya juu, kwamba atafungua shauri kabla juma halijaisha, kwamba hajawahi kuacha kesi njiani. Alimshika Sindano mkono akausikia baridi, akaenda kutafuta mahali pa kukohoa. Sindano alimshukuru. Alijua mwanamke yule atapigana kweli. Alijua pia kwamba karatasi ya leo itakwenda naye kila atakapokwenda, ikisema mkwe mwongo na bibi asiyejua udongo.

Mama Gumba alikuwa amechechemea hadi kwenye kona. Alisimama mbele ya mtungi. Aligeuka kuangalia mlango wa baraza, ulikuwa umefungwa. Akaangalia mapokezi, dada alikuwa amempa mgongo. Akafunua sahani, akaachana na kikombe. Aliinua mtungi wenyewe, kwa mkono wa kushoto, na gumba likaingia kwenye kijishimo bila kutafuta, likakaa. Akanywa. Koo la kizee likapanda na kushuka. Alipomaliza hakuutua mara moja. Alilizungusha gumba mle ndani taratibu, akipima.

Sindano aliyaona yote hayo. Hakukuwa na mwenyekiti, hakukuwa na wakili wala askari. Alihisi kitu ndani yake kikimwacha, na alijua kuwa ni ule upendo uliomtoa mtaa wa wafinyanzi hadi hapa na mzigo mgongoni.

"Ameuchoma vizuri huu," alisema Mama Gumba, akiutua mtungi juu ya kigoda. Macho yalikuwa yamejaa machozi, na alikuwa anatabasamu. "Umeiva mpaka katikati."

 Sindano aliuchukua mfuko wa mama mkwe kutoka kwenye benchi, mfuko wa dawa na nguo na chupa ya mafuta ya viungo, akautundika begani kama siku zote. Akamshika Kasuku mkono.

"Bibi anakuja?" aliuliza mtoto.

"Anayo miguu," alisema Sindano, akatangulia.